Pikapu Iliyorudi Ikitetemeka

Ndugu yangu mdogo aliirudisha pikapu yangu Jumapili alasiri. Aliiegesha nje ya lango langu pale Amalemba, akanikabidhi ufunguo huku macho yake yakiwa barabarani. Alikuwa ameiazima kubeba viti na hema za matanga kwetu Musanda. Ilikuwa imeondoka kwangu nzima. Nilipoiwasha ili niiingize uani, usukani ulitetemeka mikononi mwangu kama mgonjwa wa malaria.

"Imefanya nini?" nilimuuliza.

"Hiyo gari ni mzee, dada. Inakuwanga hivyo tu. Ikipata moto itatulia."

Haikutulia. Nikiwa mwendoni ilikwenda vizuri, lakini nikisimama tu, injini ilianza kukohoa na kuyumba, boneti ikicheza, mpaka ikazimika. Baba ndiye aliyeniachia gari hilo. Alilitamka hilo akiwa na akili zake timamu, mbele yetu sote, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikimpeleka hospitali. Ndugu yangu hajawahi kulimeza neno lile. Hata hivyo kila alipoomba gari nilimpa, ili nyumbani kusiwe na maneno.

Nililipeleka kwa makanika mmoja mjini, mwenye kibanda kando ya barabara. Alinitazama, kisha akatazama nyuma yangu.

"Mwenye gari yuko wapi?"

"Unaongea naye."

Alikaza skrubu moja kwenye kabureta, injini ikapaza sauti, akafunga boneti. "Sasa haitazimika, madam."

Ilipunguza kuzimika, lakini ilitetemeka vilevile, sasa kwa kelele zaidi. Nikaondoka nimekasirika, nisijue bado nina sababu kubwa kiasi gani.

Siku chache baadaye nilikwenda Musanda kumchukua Mama, nimpeleke kliniki yake ya presha. Tulipokuwa tunateremka kuelekea darajani, trekta lililobeba miwa lilisimama mbele yetu. Nikakanyaga breki. Pedali ilikuwa ngumu kama jiwe. Nikaikanyaga kwa miguu yote miwili, nikiinuka kabisa kitini, nayo pikapu ikawa inapunguza mwendo kwa shingo upande. Ilisimama miwa ikiwa karibu kugusa kioo, upande aliokaa Mama. Injini ikazimika. Mama alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono yote, leso imemtoka kichwani. Nyuma yetu watu walikuwa wakipiga honi kana kwamba tumewaibia njia.

Kesho yake nilirudi kwa makanika polepole sana, nikamwambia siondoki mpaka nijue gari hili linaumwa nini.

"Na hiyo skrubu usiiguse."

Labda aliona uso wangu. Safari hii alifanya kazi. Alichomoa waya za plagi moja baada ya nyingine injini ikinguruma, akisikiliza ni ipi isiyoleta tofauti. Alizitoa plagi, akazisafisha, akazirudisha. Mtetemeko ulikuwa palepale. Mimi nilikaa kwenye usukani, na kwa sababu breki ile ilikuwa haijanitoka akilini, nikaikanyaga. Injini ikashtuka, nusura izimike. Nikaachilia, ikainuka kidogo. Nikakanyaga tena.

"Umefanya nini hapo?" makanika aliuliza.

"Nimekanyaga breki."

Akainama tena juu ya injini. Kisha akaufuata kwa mkono mpira mnene unaotoka kwenye injini kwenda kwenye lile bakuli jeusi linalosaidia breki. Akaubana kwa koleo karibu na injini. Mtetemeko ukakoma papo hapo.

"Inavuta hewa hapa," alisema.

Kwa nyuma, mahali ambapo jicho halifiki upesi, mpira ulikuwa umezungushiwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Alivikata kwa kisu. Ndani, mpira ulikuwa umekatika vipande viwili, na vipande hivyo vilikuwa vimeunganishwa kwa bua la jani la mpapai. Bua lilikuwa limekauka na kunywea kwa joto la injini.

"Nani alitengeneza hii?" aliuliza.

Nilikumbuka ndugu yangu alivyonikabidhi ufunguo huku akitazama barabarani. Alitia mpira mpya, akairudisha ile skrubu yake mahali pake, na pikapu ikanguruma taratibu. Badala ya kufurahi nililichukua lile bua, nikaendesha moja kwa moja hadi Musanda.

Nilimkuta ndugu yangu kwa Mama, anakula obusuma, ugali wa kwetu, na mboga. Nikaliweka bua mezani, kando ya sahani yake.

Alilitazama. Akaendelea kutafuna.

"Nilikuwa naongeza maji, nikavuta mpira vibaya, ikakatika," alisema hatimaye. "Nikaunganisha. Si ilifika?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeanza makelele. Halafu siku nyingine ungeninyima."

Nilipiga kelele kweli, majirani wakasikia. Nilimwambia kwamba alinikabidhi ufunguo akijua, akanidanganya machoni kwamba gari limezeeka. Mama akainua mkono.

"Msigombane kwa sababu ya chuma. Ni ndugu yako."

"Mama, ile siku ya trekta, ni huo mpira."

Mama akamgeukia. "Ulijua ni mimi ningepanda?"

"Sikujua ni wa breki, Mama. Nilidhani ni wa mambo ya moshi."

Mama alinyoosha mkono, akaiondoa sahani mbele ya ndugu yangu kabla hajamaliza kula, akaipeleka jikoni. Hakurudi mpaka mwanawe alipotoka.

Ndugu yangu hajaniomba msamaha mpaka leo. Huwaambia watu kwamba gari limenipanda kichwani. Ufunguo simpi tena. Kukiwa na shughuli nyumbani naiendesha pikapu mwenyewe. Yeye hupanda nyuma pamoja na mizigo, na tunafika bila kusemezana.