Dakika Tatu za Sauti Yangu

Watu wa Chaani, hapa Mombasa, wananijua kwa sauti. Kanisani mimi ndiye husoma neno Jumapili, na kazini, kwenye yadi ya makontena ninakofanya ukarani, madereva hunituma niwasemee kwa meneja, kwa sababu nikisema jambo lasikika kuwa la kweli hata kama silijui vizuri. Ndiyo maana wazazi wa shule ya binti yangu walinichagua kuwa katibu wa kamati yao. Naanza na hayo kwa kuwa aibu ninayotaka kuieleza ilianzia kwenye sauti hiyo.

Binti yangu alikuwa na miaka kumi, yupo gredi ya tano. Siku moja alirudi na fomu ya kutiwa sahihi na mzazi. Wauguzi wangekuja shuleni kuwachanja wasichana wa umri wake, bila malipo, dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi. Kabla sijamaliza kuisoma, simu ikaanza kulia mfululizo. Kundi la wazazi lilikuwa limechemka. Mama mmoja, ambaye mwanawe alikaa dawati moja na binti yangu, aliandika: "Katibu, hii sindano ni ya nini hasa? Tueleze." Mwingine akauliza kama ni kweli kwamba ni mpango wa uzazi wa kufichwa. Kisha wote wakanyamaza, wakawa wananisubiri mimi.

Sikuwa najua lolote. Ningeweza kuandika hivyo hivyo, sijui, ngoja niulize. Zahanati iko mwendo wa dakika kumi kutoka kwangu. Badala yake nilikumbuka video niliyoonyeshwa na dereva mmoja kazini, mtu aliyevaa koti jeupe akizungumza kwa ukali, nikatoka uani nikajirekodi.

Nakumbuka karibu kila neno. Nilisema nimefanya uchunguzi wangu. Nilisema nimezungumza na madaktari, na tangu malaria ya mwaka uliotangulia sikuwa nimezungumza na daktari yeyote. Niliuliza kwa nini mtoto wa miaka kumi achanjwe ugonjwa wa watu wazima. Nilisema wako wasichana waliochanjwa ambao hawatazaa kamwe. Halafu, kwa kuwa nilihisi maneno yanakuja vizuri, nikamalizia: "Na tuambiane ukweli, wazazi wenzangu. Mwanamke anayejitunza hapati ugonjwa huu. Mfundisheni binti adabu, hiyo ndiyo chanjo."

Dakika tatu na kidogo. Mke wangu alikuwa anaanua nguo karibu nami.

"Hao madaktari uliozungumza nao ni wepi?" akauliza.

Nikamwambia asinivuruge. Majibu yalikuwa yameshaanza kuingia: asante katibu, Mungu akubariki, umetufungua macho. Niliyasoma yote. Niliyasoma mara mbili.

Siku ya chanjo nilikwenda shuleni, kama katibu, nikasimama karibu na lango. Wauguzi wawili walikuja na kile kisanduku cha baridi cha kubebea chanjo, wakaketi chini ya veranda, wakangoja. Wasichana waliochanjwa walikuwa wawili tu. Mmoja alikuwa mtoto wa mwalimu. Wa pili alikuwa binti wa mama anayewapikia walimu, mama mwenye simu ndogo ya kubonyeza, ambayo sauti yangu haikuweza kuifikia. Wauguzi walipokuwa wanaondoka, mmoja wao, mwanamke wa makamo mwenye miwani, alinisalimu akasema, "Kuna sauti inazunguka huku, imewatisha watu sana."

"Watu wana maneno," nikamjibu, nikamfungulia lango.

Nilirudi nyumbani nikiwa na fahari. Hilo pia nalisema, maana naona ndilo linaloniuma kuliko mengine. Nilijiona mlinzi wa watoto wa watu.

Sasa niseme habari za dada yangu. Ni mkubwa kwangu kwa miaka tisa. Mama yetu alifariki nikiwa mdogo, kule kwetu upande wa Kaloleni, na dada ndiye aliyenileta Mombasa na kunisomesha kwa kushona sare za shule katika kibanda chake pale Magongo. Aliolewa mara moja, na mume mmoja, akafiwa naye, hakuolewa tena. Ni mtu wa kanisa kuliko mimi.

Miezi kadhaa baada ya mambo ya shule nikaona amekonda. Nilipomuuliza alisema ni kazi. Hatimaye, tulipomtembelea, alimwita mke wangu, wakafungiana chumbani, na mke wangu alipotoka uso wake ulikuwa umebadilika. Njiani kurudi aliniambia. Dada alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi, na hospitali ilikuwa imempangia siku ya kuanza kuonwa na daktari bingwa.

"Kwa nini hakuniambia mimi?" nikauliza.

"Muulize mwenyewe," akasema mke wangu.

Sikumuuliza. Nilichofanya ni kuomba ruhusa kazini ili nimsindikize. Tulivuka mapema kwenda hospitali kubwa ya kisiwani, tukakaa kwenye benchi refu na wanawake wengine, mimi nikiwa mmoja wa wanaume wachache. Tulipokuwa tunangoja, muuguzi kijana alikuja akasimama mbele yetu kutoa mafunzo, kama wanavyofanya asubuhi. Alieleza jinsi ya kupimwa. Akasema walio na mabinti wa miaka kumi na kuendelea wawapeleke wachanjwe, kisha wakikua waje wapimwe pia.

Mwanamke mmoja wa safu ya mbele akainua mkono. "Sista, lakini kuna daktari amesema chanjo hiyo inawafunga watoto uzazi. Ninayo hapa."

"Hebu tumsikie," akasema muuguzi.

Mwanamke akabonyeza simu yake, akaiinua juu. Ikatoka sauti yangu.

Ilisikika benchi zima. Nimefanya uchunguzi wangu. Nimezungumza na madaktari. Huko ilikopita nilikuwa nimepewa cheo, nimekuwa daktari. Nilitazama sakafu. Ilipofika pale pa mwanamke anayejitunza, wanawake waliokuwa wameketi pale, wote wagonjwa, wakainamisha vichwa. Mmoja akavuta leso yake kichwani. Dada yangu alikuwa amekaa kando yangu, bega lake limegusa langu, na halikusogea.

Muuguzi alingoja mpaka mwisho. "Huyu daktari simjui," akasema taratibu. "Lakini haya si kweli. Virusi hivi ni vya kawaida mno. Unaweza kuwa na mume mmoja maisha yako yote na ukavipata kwake. Mtoto anachanjwa mapema ili kinga imtangulie, kabla hajawa mtu mzima. Na chanjo haifungi uzazi." Kisha akauliza, "Kuna anayemjua mwenye sauti hii, tuje tuzungumze naye?"

Nilikuwa hatua nne kutoka kwake. Nilikuwa na sauti ile ile kooni. Nikanyamaza. Nilihofu hata kukohoa, wasije wakanitambua. Na dada yangu, aliyekuwa akijua, naye akanyamaza kwa ajili yangu.

Alipoitwa ndani alinyanyuka peke yake, akaniashiria nikae.

Tuliporudi tulishuka Magongo, tukaenda kibandani kwake. Alikaa kwenye cherehani bila kushona. Nikamwambia, "Dada, nisamehe. Sikujua ingefika mbali vile."

"Mimi sikuisikia leo tu," akasema. "Niliisikia zamani. Waliileta wenzangu wa chama cha kushona, wakaicheza hapa hapa. Wao hawakukujua. Mimi nimekulea, nitakosaje kukujua?"

"Wakati ule nilikuwa nimeshaanza kuona damu," akaendelea. "Hedhi yangu ilikoma zamani, kwa hiyo nilijua si kawaida. Nilikuwa nimepanga kwenda zahanati wiki ile. Halafu nikakusikia. Nikajiambia, nikienda na wakiniambia ni hii, ndugu yangu atasema dada yake hakujitunza. Nikakaa."

"Ulikaa muda gani?"

"Mpaka nilipokuwa siwezi kusimama kanisani."

Alisema hivyo bila ukali, kama anavyotaja vipimo vya sare. Ningependa angenifokea. Nilimtazama mtu aliyejinyima ili mimi nijue kusoma, nikaelewa kwamba alikuwa ameniogopa. Mpaka leo sijamuuliza daktari yeyote kama miezi ile ilileta tofauti. Nimekuwa na nafasi za kuuliza. Sijathubutu.

Wiki hiyo nilijirekodi tena. Nilieleza vizuri, kwa utulivu, kwamba kuna ujumbe unaozunguka, una makosa, na wazazi wakaulize wenyewe zahanati. Kabla sijautuma nikampa mke wangu ausikilize.

"Hujasema ni wewe," akasema.

"Watu wataelewa."

"Baba, hujasema ni wewe."

Nikarudia. Mara ya tatu nikasema: ile sauti ni yangu, mimi si daktari, sikuzungumza na daktari yeyote, nilidanganya kwa sababu niliona haya kusema sijui, na lile nililosema kuhusu wanawake wanaougua ni dhambi. Nikatuma. Safari hii hakuna aliyeniombea baraka. Baba mmoja aliuliza nimelipwa na nani. Wengine walisoma wakapita. Ule wa kwanza ulikuwa umefika Mikindani, Likoni na kwingine nisikojua. Huu wa pili, kwa kadiri nilivyoweza kufuatilia, haukutoka nje ya kundi letu. Katika mkutano wa wazazi nilisimama nikarudia yale yale ana kwa ana, nikajiuzulu ukatibu, na mwalimu mkuu akapita haraka kwenye ajenda iliyofuata, kwa kunihurumia nadhani.

Binti yangu nilimpeleka zahanati mwenyewe. Nilikuta muuguzi ni yule yule mwenye miwani. Nilipotamka jina la mtoto aliinua uso.

"Sauti yako naijua," akasema.

"Ndiyo, sista. Ni mimi."

Akamgeukia mtoto, akamwambia alegeze mkono. Tulipotoka, binti yangu akiwa amejishika begani, aliniuliza, "Baba, mbona wakati ule ulikataa?"

"Sikuwa najua."

"Lakini ulisema unajua."

"Nilisema," nikamjibu. Tukatembea.

Kuna jambo moja tena nililokaribia kulikosea. Baada ya dada kumaliza awamu ya kwanza ya kuchomwa mionzi na kuanza kula vizuri, nilimwambia nataka kusimama kanisani nitoe ushuhuda wa yote haya. Nilikuwa nimeshaanza kuupanga kichwani, mahali pa kushusha sauti na mahali pa kuipandisha.

"Ugonjwa ni wangu," dada akasema. "Ukisemwa, nitausema mimi."

Na aliusema. Si kanisani. Aliusema kibandani, kwa wenzake wa chama, mchana mmoja mimi nikiwa kazini, na nilisikia kwa mke wangu kwamba wanne kati yao walikwenda kupimwa pamoja, wakiongozana naye. Sasa ana nafuu, lakini si yule wa zamani. Anashona vifungo na pindo tu, kazi za kukaa. Hajaniambia kwamba amenisamehe na mimi nimeacha kuuliza.

Aliyebaki alikuwa yule mama wa swali la kwanza. Walikuwa wamehamia Kisauni kabla ya ujumbe wangu wa pili, na namba yake ilikuwa imebadilika. Nilimtafuta kwa muda mrefu. Mwisho jirani yao wa zamani alinielekeza, nikaenda Jumamosi moja, nikamkuta mlangoni anachambua mchicha. Binti yake, aliyekuwa dawati moja na wangu, alipita na ndoo akanipa shikamoo. Amekuwa mrefu, anakaribia miaka kumi na minne.

Nilimwambia mama yote, nimesimama, kwa kuwa hakunikaribisha nikae. Nilimwambia bado muda wa kumchanja binti yake upo, lakini asikawie.

Alisikiliza huku mikono ikiendelea na mchicha. "Mimi nilikuamini," akasema. "Nilimnyang'anya mtoto fomu akiwa ameshaijaza. Alilia. Sasa unakuja na maneno mengine, kwa sauti ile ile. Nikuamini lipi?"

"Usiniamini mimi. Muulize sista wa zahanati."

"Nitamuuliza," akasema. "Nitakwenda mwenyewe. Lakini wewe usinieleze tena."

Nikamwambia sawa. Nilitaka kuongeza neno, nikalizuia. Nilimuaga, akaitikia bila kuinua kichwa, nikaenda zangu barabarani. Kama alikwenda zahanati au hakwenda, sijui.