Cherehani Tuliyoitoa kwenye Picha

Nakumbuka, mwanangu, siku niliyoibeba cherehani ya bibi yangu na kuificha nyuma ya ghala la mtama. Umeniomba picha ya bibi huyo, nami siwezi kukupa kabla hujasikia habari hii. Naona aibu hata kwa umri huu.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Nilikuwa mwalimu mpya pale Kitaji, Musoma, msichana mwenye kiherehere, najua Kiingereza na nataka kila mtu ajue kwamba najua. Akaja Mmarekani mmoja, Bwana Dani, anaandika kitabu juu ya ndoa za wake wengi. Akaniomba niwe mkalimani wake, naye akaahidi kuniandikia barua ya kunisaidia kupata nafasi ya kusoma kwao. Basi nikampeleka Butiama kwa Bibi Wakuru, mama wa baba yangu, mke mkubwa kati ya wake watatu wa babu.

Bibi alikuwa fundi. Sare za watoto wa shule ya kijiji zilipita mikononi mwake, na siku hiyo tulimkuta na gauni la maua alilolishona mwenyewe. Bwana Dani akalitazama gauni, akaitazama cherehani, uso ukamshuka. Akaniambia angependa picha ya maisha ya asili. Hakunilazimisha, mwanangu. Mimi ndiye niliyekimbia kwa jirani kuazima ngozi ya mbuzi, nikamvisha bibi, nikaificha cherehani, nikawakalisha wakewenza wote watatu mavumbini.

"Mbona mimi sivaagi hii?" bibi akauliza.

"Wageni ndivyo wanavyopenda, Bibi."

Akakaa. Alikuwa ananiamini.

Picha zikapigwa. Tulipokuwa tunakunywa uji, Bwana Dani akachangamka, akatoa mkobani picha ya zamani: Mzungu mwenye ndevu, amezungukwa na wanawake sita wa Kizungu.

"Babu wa baba yangu," akasema, "na wake zake."

Mzungu, wake sita! Shule ya misheni nilikosoma walitufundisha kwamba hayo ni mambo yetu sisi tu. Akaeleza kwamba ukoo wake ni Wamormoni, watu wa dini iliyoanzia hukohuko Marekani. Zamani walioa wake wengi, baadaye kanisa lao likaacha. Kisha akafunua kipande cha gazeti la enzi hizo. Mzee ni yuleyule, lakini amechorwa na kilemba na upanga uliopinda, sultani mtupu, na wake zake wamejifunika shela, wamelala juu ya mito. Waliowachukia waliwaita Waturuki wa Marekani.

"Walichukua uongo waliokwisha kuwasingizia Waturuki na Waarabu," akasema, "wakatuvika na sisi."

Bibi akataka nimtafsirie. Nikatafsiri. Akaushika mchoro, akausogeza kwenye mwanga.

"Bibi yake huyu mgeni alikuwaga anafanya kazi gani?"

Mkunga, Bwana Dani akajibu. Wanawake wa bonde zima walijifungulia mikononi mwake.

"Na hapa wamemlaza kwenye mito." Bibi akaivua ngozi, akamwekea mgeni magotini. "Mwambie, mjukuu wangu. Na mimi leo mmenivika. Anipige tena, na cherehani yangu."

Mmenivika, alisema. Sote wawili. Bwana Dani akawa mwekundu, akasema filamu imekwisha, ila zile picha hatazitumia kamwe. Ningeweza kumwambia kwamba Musoma mjini filamu zipo, arudi kesho. Sikusema. Niliogopa kuikosa barua yangu.

Barua ilikuja, mwanangu, nami nilisoma kwa barua hiyo. Na huko Marekani, bibi akiwa ameshafariki, nikakifungua kitabu cha Bwana Dani katika maktaba ya chuo. Bibi huyo hapo, ukurasa mzima, ngozi begani. Haitazami kamera. Ananitazama mimi niliyekuwa nimesimama pembeni. Nililia mpaka msimamizi akaja kuniuliza kama nimefiwa. Sikuamini, na mpaka leo siamini, kwamba mtu aliyejua uchungu wa jambo lile angeweza kulitenda, tena akisaidiwa na mjukuu wa damu. Picha nyingine ya bibi haipo duniani. Ni hiyo tu ninayoweza kukuonyesha.

Basi nakuusia. Ukiulizwa watu wako wakoje, usiondoe kitu ili mgeni afurahi. Na wewe ukienda kwa watu uliowasikia kwa midomo ya wengine tu, wawe Waarabu, wawe Wamormoni, wawe hawa jirani zetu wa Bunda, uliza kwanza wanashinda wakifanya nini. Na ukikosea, rekebisha siku hiyohiyo, mwenye kamera akiwa bado amekaa mbele yako.

Mungu akutangulie, mwanangu. Akupe wajukuu wanaokupenda, na siku watakapotaka picha yako, waikute umevaa gauni lako na mikono yako iko kazini.