Kinu Kitupu Mlangoni kwa Mjane

Mume wangu alikuwa katekista pale Kasongo, na wakati huo wa Wabelgiji Padri alimpa kazi ya kukusanya maneno ya kitabu: neno, maana yake, na lilikotoka. Jioni moja aliniuliza ghasia ni nini.

"Ni makelele tu," nikamjibu. Nilikuwa namenya mihogo.

Hakuandika. Alichukua daftari akaenda kwa jirani yetu, mjane wa fundi cherehani, mwanamke wa Nyangwe mwenye sauti ya taratibu. Alirudi uso unamng'aa. Eti mjane amesema neno lilikuja na misafara ya babu zake: watu wanatua mizigo, mbuzi wanalia, kila mtu anamwita mwenzake na hakuna anayesikia jina lake. Hiyo ndiyo ghasia! Kesho yake alirudi kwake na neno jingine. Kesho kutwa pia. Mimi mtu wa Wamaza, kabila la vijijini, mshenzi machoni pa watu wa mji, sikuulizwa tena hata neno la chumvi. Wivu ulinikaba, sitaki kudanganya. Niliichukia hata ile penseli.

Kwetu, mwanamke akiona mume wake anachukuliwa, hubeba kinu hadi mlangoni pa mwizi akakitwanga kitupu. Hana haja ya kutukana, kijiji kizima kinaelewa. Basi siku ya nne, walipokuwa wameketi barazani kwa mjane na daftari lao, nikajitwika kinu changu.

Nilitwanga mpaka kuku wakaruka ua. Majirani walitoka, kila mmoja akiuliza kwa sauti yake, na mbwa nao wakaingilia. Mjane, ambaye mila ya kwetu hakuijua, aliingia ndani akarudi mbio na mchi wake.

"Karibu, mama! Majani ya sombe iko wapi? Tutwange pamoja."

Alichungulia kinuni, hakuona hata jani moja. Watu wakaangua kicheko. Nikalia mbele yao wote, mchi mkononi.

Nilingoja mume wangu anifukuze. Alikuja akachuchumaa kando ya kinu, akafungua ukurasa mpya.

"Kwenu, hii makelele munaiita je?"

Nikamwambia neno letu. Akaniomba nilitamke tena, akaliandika polepole. Kisha akauliza, kama alivyomuuliza mwenzangu:

"Na imetoka wapi?"

"Imetoka mu nyumba yako," nikasema.

Penseli ikasimama.