Springi za Kitanda cha Binti

Kwa miaka thelathini fundi makochi alijua maana moja tu ya spring: ule waya uliosokotwa, unaojificha ndani ya kochi na kubeba makalio ya watu bila kunung'unika. Kwa hiyo binti yake, muuguzi huko ng'ambo ambaye hajatia mguu nyumbani mwaka wa sita sasa, alipomwandikia, "Baba, nakuja spring," mzee alijibu papo hapo: "Za kochi au za kitanda?"

Binti alipiga simu akicheka mpaka akashindwa kueleza. Ikabidi fundi aende kwa jirani yake, mwalimu mstaafu mwenye kamusi nene kama tofali. Mwalimu akavaa miwani, akamsomea: waya uliosokotwa, chemchemi, kuruka ghafla, halafu majira yanayofuata baridi, kuanzia mwezi wa tatu hivi. Fundi akauliza kama ni neno hilohilo moja. Alipoambiwa ndiyo, akasema Waingereza ni mabahili kweli.

Basi akakifumua kitanda cha binti, akakitia springi mpya tupu, akapiga marufuku mtu yeyote kukilalia, hata paka. Mwezi wa tatu ukaja, ukapita. Wa nne vilevile. Mzee aliumia, ila kila aliyemuuliza alimjibu kwamba majira ya wenzetu huchelewa.

Mwezi wa tano binti akapiga simu. Amenyimwa likizo tena, spring yenyewe ndiyo hiyo inakwisha, na kuomba mara nyingine anaona haya. Sauti yake ilikuwa imechoka hoi.

"Mwanangu," fundi akasema, "majira ya huko siyajui. Springi nazijua. Ikiwa nzuri, hata ikaliwe miaka sita, mzigo ukiondoka inainuka. Kaombe tena."

Binti akasema, "Kitanda changu usimpe mtu, Baba."

Alikuja mwezi wa saba, spring imeshasahaulika, kwa siku kumi na nne tu. Alikula, akaoga, akajitupa kitandani saa nne asubuhi. Alasiri mteja mmoja akaja juu akidai kochi lake la tangu wiki iliyopita. Fundi akamshika mkono, akamtoa hadi barabarani, akamweleza kwa kunong'ona kwamba leo hapa nyundo haipigwi.