Gitaa Lenye Nyuki

Nikisinzia mchana, hasa siku za joto la Februari, bado nausikia ule mlio. Unatoka chumba cha pili, unapita juu ya ukuta usiofika darini, unanikuta kwenye mkeka. Si mlio wa gitaa hasa. Ni wa gitaa lenye nyuki ndani.

Mpigaji alikuwa mjomba wangu, kaka yake mama, aliyenilea Kariakoo katika nyumba ya kupanga. Siku hizi wanaomkumbuka wanasema alikuwa wa kwanza mjini kuchanganya roki, jazi na ngoma za Kizaramo, akatia na mvumo wa Kihindi. Wakati ule majirani walisema ni vurugu tupu. Mama wa chumba cha mbele alikuwa akimuuliza kwa upole kabisa, "Baba, hilo gitaa linaumwa?" Mjomba anacheka, anaendelea.

Nyuki walikaa kwenye uzi mmoja tu. Miaka ile ya maduka matupu, uzi wa tatu ulikatika na hapakuwa na wa kununua. Mjomba akaenda kwa fundi baiskeli, akapewa kipande cha waya wa breki, akaufumua, akatoa unywele mmoja na kuufunga kwenye gitaa. Ukaanza kuvuma. Mwingine angeuona mkosi. Yeye alikaa nao wiki nzima akiuchokoza, mpaka mzee wa Kihindi mwenye duka la vitambaa nyuma ya nyumba yetu akatokeza kichwa mlangoni na kufumba macho. Alisema ndivyo ala ya babu yake ilivyokuwa ikivuma. Tangu hapo kila alasiri alivuta kigoda, akasikiliza. Mimi nililala usingizi wangu upande wa pili wa ukuta, na sijui kama nimewahi kulala vizuri hivyo tena.

Kisha mambo yakawa ruksa. Maduka yakajaa redio, mitumba, sabuni za kunukia. Nami nilikuwa nimeanza kazi ya kupiga chapa ofisi moja ya Posta, kichwa kimenivimba. Mshahara wa kwanza nikamnunulia mjomba pakiti ya nyuzi za gitaa kutoka Ulaya, zinang'aa. Nilimpenda mno yule mtu. Sikutaka tena achekwe. Na kwa kuwa kimbelembele nimezaliwa nacho, sikumpa mkononi. Jumamosi alipokwenda kuswali adhuhuri nililishusha gitaa, nikavua nyuzi zote za zamani, nikazikunjakunja, nikazitupa kwenye pipa, nikafunga mpya na kulirudisha gitaa ukutani. Gari la taka, ambalo hata mwezi huweza kupita halijaonekana, siku hiyo likaja.

"Shikamoo mjomba. Tazama ukutani!"

"Marahaba." Akatazama. Akapitisha kidole mpaka uzi wa tatu, akakiacha hapo. "Na ule wa zamani?"

"Nimeutupa. Aibu bwana, waya wa baiskeli!"

Aliondoa kidole kwenye uzi. Kisha akacheka, akanishika kichwani. "Mwanangu, umenivalisha suti."

Alasiri akapiga. Kila sauti ilikaa mahali pake, safi. Mama wa chumba cha mbele akapiga vigelegele, "Alhamdulillahi, limepona!" Nikajisikia mtu mkubwa. Halafu mzee wa vitambaa akatokeza kichwa. Hakufumba macho.

"Mjomba wako amesafiri?" akaniuliza. "Leo nani anapiga?"

Niliwazungukia mafundi baiskeli wote, mpaka Buguruni. Sasa waya wa breki ulikuwa tele, mpya, umevikwa plastiki. Nilimletea vipande vitatu, akavifumua na kuvifunga kimoja baada ya kingine ili kuniridhisha. Havikuvuma. Ule wa kwanza ulikuwa umekula kutu na jasho lake miaka. Nililia pale pale mbele yake, naye akaniambia niangalie, nitamlowesha suti.

Baada ya hapo akaanza tabia mpya. Kila kidole kilipofika uzi wa tatu, alibana midomo na kuvuma mwenyewe, taratibu, puani. Mzee wa vitambaa akarudisha kigoda chake. Watu wa kumbi za dansi wakaupenda mvumo ule, wakamuuliza alikoutoa, naye hakumweleza mtu hata mmoja.

Mjomba alishatangulia mbele ya haki. Juzi nilipita hotelini mjini, nikamkuta mpiga gitaa, mtu mzima mwenye mvi, anapiga huku amebana midomo, anavuma. Nilisimama mpaka akamaliza, nikamsifu.

"Hii ni staili ya mzee mmoja wa Kariakoo," akasema. "Yeye ndiye aliyeibuni. Sijui aliipata wapi."

"Kwangu," nikamwambia. "Aliipata kwangu."

Akacheka, akadhani naringa.