Mbeba Machela Tuliyemzika Akiwa Hai

Baba yangu amezikwa mara mbili. Mara ya kwanza hakuwemo.

Msinicheke, nitawaeleza. Sisi Wajaluo mtu akifia mbali na mwili usipatikane, tunazika tunda la yago badala yake. Ni tunda refu, zito, linafika karibu urefu wa mkono wa mtu mzima. Linafungwa kwa shuka, linaliliwa, linafukiwa bomani. Kuanzia hapo huyo mtu ni marehemu, na marehemu harudi kwake.

Basi mwaka wa 1979, kwetu Sindo, tulimzika baba hivyo. Jina lake Zablon Nyakwaka. Nilikuwa na miaka minne. Nakumbuka mama akilia juu ya kitu kilichofungwa shuka, na mimi nikiuliza mbona baba amekuwa mfupi.

Alikuwa amekwenda Musoma kutafuta kazi kwenye kiwanda cha pamba. Vita vya Uganda vilipoanza, akaingizwa kwenye mgambo wa huko. Hakupewa bunduki. Alipewa machela abebe majeruhi.

Miezi ikapita, barua ikaja. Machela yake imeokotwa kwenye matete, imejaa damu, jina lake limeandikwa kwenye mpini. Wazee wakasema tuzike.

Hiyo ndiyo habari yote niliyokuwa nayo kwa miaka arobaini na tano.

Mwaka jana mwezi wa Aprili, niko soko la Rodi Kopany nafungua bale la mitumba, simu ikalia. Namba ngeni.

"Ni Marion wa Zablon Nyakwaka, wa Sindo?"

"Ndiye. Wewe nani?"

"Naitwa Joyline, niko Kehancha. Namba nimepewa na chifu wenu. Siste, pole sana. Babako amefariki jana asubuhi."

Nilicheka. Wallahi nilicheka.

"Madam, umechelewa. Huyo alikufa nikiwa mtoto."

Akasema polepole, "Ameishi kwetu tangu kabla sijazaliwa."

Bale nililiacha hapo hapo. Kesho yake nikawa Kehancha, mochari. Wakafunua shuka. Pua ni yangu. Paji la uso ni langu. Nikakaa chini kwenye sakafu, na mhudumu wa mochari akaniletea maji bila kuniuliza kitu.

Joyline akanipeleka kwao kwa babake, mzee Mwikwabe. Mkuria mzee, mguu wa kushoto umekatwa juu ya goti.

"Machela ni ya watu wawili," akaanza. "Babako mbele, mimi nyuma. Siku hiyo tulikuwa kwa kinamasi, maji mpaka hapa." Akagusa kifua. "Risasi zinatoka kila upande. Wenye bunduki wote wamelala chini. Sisi ndio tunasimama, kwa sababu machela huwezi beba umeinama."

"Mlitoa wangapi?"

"Tisa. Tukirudi kuchukua mwingine, mguu wangu ukaenda. Nikamwambia, Zablon, wacha mimi, jiokoe. Akakataa kabisa. Machela tukaiacha hapo. Akavua shati, akanifunga nayo mgongoni vile mama anabeba mtoto. Alitembea na mimi mpaka giza likaingia. Kumbe alikuwa na risasi kwa bega na hakuniambia."

Nikamuuliza kama walimpa medali. Mzee akatikisa kichwa.

"Medali ya wapi? Hakuwa mtu wa nchi ile. Kwa orodha yao hayuko."

Hasira ikaanza kunipanda. Nikauliza lile swali lililokuwa linanikaba tangu simu ile. Kama alipona, mbona hakurudi nyumbani?

"Alirudi," mzee akasema. "Alilala hospitali miezi mingi, halafu mwaka wa themanini akaja mpaka geti yenu. Akakuta ameshazikwa. Aliniambia wazee walimkataza. Marehemu akiingia, watoto wanaisha. Basi akageuka, akaja hapa kwangu na mfuko mmoja."

"Na hakuwahi kuuliza habari zetu? Kehancha na Sindo ni mbali kiasi gani, mzee?"

"Aliogopa, binti yangu. Alisema akiuliza tu, ni kama ameingia hiyo boma. Juzi akiwa amezidiwa ndio akasema, mtafuteni Marion, kama yuko hai."

Kama yuko hai. Jamani, nililia hapo mpaka Joyline naye akaanza kulia.

Nikaamua baba anarudi kwao, liwalo na liwe. Nikampigia simu baba mdogo Okinda, nduguye baba, ambaye ndiye aliyemrithi mama kwa mila.

"Marion, huyo tulishazika," akanijibu. "Ukileta mwili hapa, nani tena atakaa kwa hii boma? Unataka kuzika wajukuu wako?"

"Alibeba watu vitani, mnamnyima hata shimo?"

Akakata simu.

Nikaenda kwa mama. Nilijua mama akisimama na mimi, Okinda atanywea. Mama Phelesia ana miaka sabini na kitu, lakini akisema jambo pale nyumbani linasikika. Nikamsimulia yote, machela, kinamasi, risasi ya bega. Nikawatukana wale wazee mmoja mmoja, walio hai na waliokufa.

"Ni wazee gani hao, mama? Watu gani wanamfukuza mtu na mfuko wake mkononi?"

Mama alikuwa ameshika pembe ya leso, anaikunja na kuikunjua.

"Hakukuwa na mzee," akasema.

"Nini?"

"Wanaume wote walikuwa wameenda matanga. Getini nilikuwa mimi."

Nikavuta kigoda, nikakaa karibu naye.

"Mdogo wako alikuwa amekufa wiki mbili kabla ya hapo. Ukambi. Na wewe ulikuwa mgongoni kwangu na ukambi huohuo, macho yamefunga, hata maji hunywi. Nikaona mtu anakuja. Nyathina, mwanangu, nilimjua kwa mwendo. Nilitaka kukimbia nimshike. Lakini nikamwambia, Zablon, tumeshakuzika. Ukikanyaga hapa, huyu pia ataenda. Kama unampenda, rudi."

"Akasema nini?"

"Aliniomba tu nikugeuze akuone uso. Nikakugeuza. Akakuangalia, akaenda. Sijawahi kumwambia mtu, hata Okinda."

Nilitaka kumkasirikia. Nawaambia ukweli, nilitafuta hasira nikaikosa. Mwanamke ana mtoto mmoja kaburini na mwingine mgongoni anaungua, ungemwambia afanye nini? Na baba, miaka yote ile, hata kwa rafiki aliyembeba mgongoni, alisema ni wazee. Jina la mama hakulitaja.

Hapo ndipo nilipoacha kupigania mwili. Baba alikuwa ameamua mwenyewe mahali pa kukaa, na aliamua kwa sababu yangu. Nani mimi nibatilishe?

Tulimzika Jumamosi kwa mzee Mwikwabe. Hakukuwa na bendera wala tarumbeta. Majirani walikuja, na walimu wawili, na wale wakulima aliokuwa akiwasaidia kuanika tumbaku. Hakuna hata mmoja wao aliyejua kwamba aliwahi kwenda vitani.

Mama alikuja. Hakuna aliyemwita, alivaa tu na kupanda gari. Kabla ya jeneza kushushwa, aliomba watu wampishe. Akaweka kiganja juu ya mbao, akainama mpaka paji la uso likagusa, akasema kwa Kijaluo kile ambacho hakuna aliyewahi kumwambia baba.

"Zablon, mtoto alipona. Ndiye huyu."

Mzee Mwikwabe alishindwa kujizuia. Alilia kwa sauti mbele ya wajukuu wake.

Ndugu zangu mnaosoma, sijaandika haya kumlaumu mama wala kutukana mila za watu. Nimeandika kwa sababu niliishi miaka arobaini na tano mwendo wa saa chache tu kutoka kwa baba yangu, na sikuwahi kumuuliza mtu yeyote alikuwa mtu wa namna gani. Nilidhani aliyezikwa hana habari tena. Huko kwenu kuna mzee aliyenyamaza ambaye hakushika bunduki, alibeba tu watu. Kaa naye leo, muulize.

Na ukipita Kehancha, kaburi liko nyuma ya shamba la tumbaku la mzee Mwikwabe. Anaitwa Zablon Nyakwaka. Simama kidogo, umwambie nashukuru.