Mji Uliozingirwa, Ukutani kwa Kina Rebeka

Sisi tuliokulia kijiji cha Hewani, kando ya mto Tana, enzi zile hatukuwa na picha majumbani. Ukutani kwetu palining'inia kalenda iliyokwisha mwaka wake, imekuwa kahawia kwa moshi wa jikoni. Kwa jirani yetu Rebeka palikuwa na mji mzima.

Baba yake alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja kule Lamu. Mzungu aliporudi kwao alimwachia picha ya kale, ndefu kama mlango uliolazwa: mji wenye kuta na minara, umezingirwa na majeshi, mahema na mizinga kila upande. Mzee alitueleza kwamba fundi alichonga kila mstari kwenye bamba la shaba kwanza, ndipo ikachapwa karatasini.

Tukitoka kufukuza ndege kwenye mpunga, mikono ikinukia ndizi za kuchoma, tulikimbilia huko. Rebeka ndiye aliyeamua nani aingie.

"Wewe miguu ina tope," aliniambia siku moja mbele ya wenzangu.

Nilikwenda mtoni nikanawa. Niliporudi, mlango umefungwa. Kwa wivu nikasusa chakula cha jioni. Mama akaniambia, "Cha mwenzio kitazame, mwanangu, usikilalie njaa." Nikalala njaa.

Mwaka ule Tana ikafurika, maji yakatuzunguka. Mtumbwi ulipokuja kutuhamisha, Rebeka alikuwa amempakata mdogo wake, basi mzee akaniwekea mimi ile picha mapajani.

"Ishike vizuri, mwanangu."

Niliishika. Ila kona moja niliiteremsha majini, polepole, nikatazama maji yakipanda karatasini hadi kwenye mahema. Tulipofika pakavu mzee aliifuta kwa shuka lake, hakumlaumu mtu.

Juzi nimemtembelea Rebeka kwake Garsen. Sote ni mabibi sasa. Picha ipo sebuleni, kona ina doa la rangi ya chai. Nikashindwa kunyamaza, nikamwambia ni mimi.

"Najua," akasema. "Nilikuona."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, baba angekukataza kuja kwetu. Ningemringia nani?"

Tulicheka mpaka machozi. Lakini sitaficha: nilipokuwa nikicheka, nilimwonea wivu upya. Picha ni yake, na hata siri yangu alikuwa nayo miaka yote hiyo.

Mjukuu wake alikuwa kochini, kidole kikipandisha picha kwenye simu, moja haijatulia nyingine imefika. Nikamuuliza ile ya mwanzo ilikuwa ya nini. Hakukumbuka. Watoto wa siku hizi wana picha za dunia nzima mfukoni na hawafungiwi mlango na mtu. Sisi tulikuwa na moja, tena ya mwenzetu, na mpaka leo nikifumba macho naweza kukuhesabia minara yake.